Doksi baada ya tendo, kupima kila miezi mitatu, au kondomu: kipi kinakufaa?

Vidonge viwili vya doksi (antibiotiki ya doksisaiklini), kila kimoja miligramu 100, vinamezwa kwa pamoja ndani ya saa 72 baada ya kufanya ngono bila kondomu, na vikimezwa ndani ya saa 24 ni bora zaidi. Dawa yenyewe ndiyo hiyo, haina siri. Bei yake ni ndogo na maduka mengi ya dawa Afrika Mashariki wanayo. Wataalamu wanaiita doksi-PEP (PEP ni kifupisho cha Kiingereza cha kinga ya baada ya tukio), na tangu mwaka 2023 matokeo ya utafiti yalipochapishwa, watu wengi wameanza kuiuliza kliniki na dukani: je, nikimeza hivi nitakuwa salama na magonjwa ya zinaa?

Jibu linategemea wewe ni nani na ni ugonjwa gani unaoukimbia. Hapo ndipo maelezo mengi ya mitandaoni yanapoteleza, kwa sababu yanachukua matokeo ya San Francisco na kumpa dada wa Kisumu kana kwamba ni yake. Hapa nitaziweka njia zote bega kwa bega: doksi baada ya tendo, kupima mara kwa mara na kutibiwa, kondomu, chanjo kidogo, na ile njia ambayo haimo kwenye mwongozo wowote lakini mtaani ndiyo inayotawala, yaani kumeza antibiotiki yoyote iliyopo "kwa tahadhari".

Kabla ya yote, PEP mbili zisichanganywe

Kuna PEP ya VVU na kuna doksi-PEP. Zote zina saa 72, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. PEP ya VVU ni dawa za kupunguza makali ya virusi zinazomezwa siku 28 mfululizo. Doksi-PEP ni dozi moja ya antibiotiki, na antibiotiki haigusi virusi. Aliyemeza doksi kwa kuhofia VVU hajajikinga na VVU hata kidogo, na saa zake za kuanza PEP halisi zinaendelea kuyoyoma. Ikiwa hofu yako ni VVU, acha kusoma hapa, nenda kituo cha afya leo, uombe PEP kwa jina lake.

Vivyo hivyo doksi haizuii mimba, haizuii malengelenge ya sehemu za siri, haizuii virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, wala homa ya ini aina ya B. Kazi yake ni kwa bakteria, tena si wote.

Ushahidi wa San Francisco na ushahidi wa Kisumu

Utafiti uliozua gumzo ulifanyika San Francisco na Seattle, Marekani, ukachapishwa Aprili 2023. Walishiriki watu 501, wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume pamoja na wanawake waliobadili jinsia, wote ama wanatumia PrEP, dawa inayotumiwa kabla ya hatari ili kuzuia VVU, au tayari wanaishi na VVU. Walipimwa kila miezi mitatu. Kwa waliokuwa kwenye PrEP bila doksi, ugonjwa wa zinaa ulionekana katika karibu 32% ya vipimo hivyo vya robo mwaka. Kwa waliopewa doksi ilikuwa takriban 11%. Pungufu la theluthi mbili si jambo dogo, na ndiyo maana uandikishaji wa washiriki ulisimamishwa mapema: haikuonekana haki kuendelea kumnyima mtu dawa inayofanya kazi waziwazi. Ufaransa nako, kundi la Profesa Jean-Michel Molina lilishaonyesha mwaka 2018 kwamba kaswende na klamidia hupungua sana kwa njia hii.

Sasa njoo Kisumu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani waliwafuata wanawake 449 wa umri wa miaka 18 hadi 30, wote wakitumia PrEP, kwa mwaka mzima. Nusu walipewa doksi, nusu wakapata huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa Desemba 2023: maambukizi 50 kwa wenye doksi, 59 kwa wasio nayo. Kitakwimu hiyo si tofauti. Klamidia peke yake ilikuwa 35 dhidi ya 50, inatia matumaini kidogo lakini haikufikia kiwango cha kusema kwa uhakika kwamba ni dawa iliyofanya kazi. Kisonono hakikupungua kabisa.

Kwa nini? Watafiti walifanya jambo la busara, wakapima nywele. Doksi huacha alama kwenye unywele, na unywele haudanganyi kama dodoso. Walichagua wanawake 50 wa kundi la doksi bila kupanga, wakachukua sampuli 200 za nywele zao. Doksi ilionekana katika 58 tu, yaani 29%. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya muda vidonge havikumezwa. Na kile kisonono walichokikuta kwa wanawake hao kilikuwa sugu kwa dawa za familia ya doksi, kwa hiyo hata aliyemeza kila mara asingekingwa nacho.

Wapo waliosoma matokeo haya wakasema doksi haifanyi kazi kwenye mwili wa mwanamke. Sikubaliani nao. Vipimo vingine vimeonyesha kwamba dawa hufika ukeni kwa kiwango cha kutosha. Kilichokosekana ni kumeza. Wala siwalaumu walioshindwa. Mwanamke kijana anayeishi na wengine, tayari ana kopo la PrEP la kuficha, sasa aongezewe kopo lingine ambalo kila kidonge chake kinatangaza kwamba jana usiku kulikuwa na jambo. Lakini anayechagua njia anahitaji kujua inavyofanya kazi katika maisha halisi, na kwa wanawake wa Afrika Mashariki ushahidi tulio nao wa maisha halisi unasema: bado.

Ugonjwa mmoja mmoja

Kaswende ndipo doksi inapong'ara. Bakteria wake hajajenga usugu dhidi ya doksi wala dhidi ya penisilini, jambo la kushangaza ukizingatia kwamba penisilini imetumika kumtibu tangu miaka ya 1940. Ukiipata, sindano ya penisilini ya benzathine, yuniti milioni 2.4, mara moja, inatosha kwa kaswende ya mwanzo. Ni sindano inayouma, sitakuficha. Ila kaswende inapimika kwa tone la damu kidoleni, na vituo vingi vinavyohudumia wajawazito vina kipimo kinachosoma VVU na kaswende kwa pamoja. Ugonjwa unaopimika kwa urahisi hivyo na kutibika kwa sindano moja, haja ya kuuzuia kwa vidonge kila wiki inapungua, isipokuwa kwa mtu anayeambukizwa tena na tena.

Klamidia nayo doksi inaizuia vizuri, na tiba yake ya kawaida ni dawa ileile, miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku saba. Tatizo la klamidia ni ukimya wake. Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote, nayo inapanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi, na siku ya kujulikana ni siku ya kutafuta mtoto akakosekana. Kwa hiyo hapa mvutano kati ya kuzuia na kupima ni mkubwa kuliko kwingine: kuzuia kungefaa sana, kupima kunahitaji maabara, na vituo vingi vya kwetu havina.

Kisonono ni habari nyingine kabisa. Huyu ni bakteria anayezikimbia dawa kama mtu aliyezoea kukwepa wadai. Zilianza dawa za salfa, akazishinda. Penisilini ikafuata, na kufikia mwaka 1976 aina zinazoivunja penisilini zilikuwa zimeshaonekana. Tetrasaiklini, familia ya doksi, ikaachwa kuwa tiba yake katika miaka ya 1980. Siprofloksasini iliondolewa kwenye mwongozo wa Marekani mwaka 2007, na cefixime ya kumeza ikashushwa daraja mwaka 2012. Kilichobaki kuwa nguzo ni sindano ya ceftriaxone. Na mwaka 2018 Uingereza ilitangaza mgonjwa, aliyeambukizwa Kusini-Mashariki mwa Asia, ambaye kisonono chake kilikataa ceftriaxone na azithromaisini kwa pamoja.

Kwa hiyo mtu akikuambia doksi inazuia "magonjwa ya zinaa" kwa jumla, muulize kisonono kimo? Marekani ambako aina nyingi zilikuwa bado zinaisikia dawa, upungufu ulionekana. Ufaransa ulikuwa mdogo. Kisumu haukuwepo.

Usugu: nani analipa?

Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika ulinganisho huu, nami naona linafanyiwa haraka pande zote mbili. Wanaoitetea doksi husema miligramu 200 mara chache kwa mwezi ni kidogo kuliko anazomeza kijana anayetibu chunusi kwa miezi kadhaa, au mtalii anayemeza kidonge kila siku kuzuia malaria. Ni kweli. Wanaoipinga husema tunachoma dawa ya akiba. Nacho ni kweli.

Vipande vya ushahidi viko hivi. Mwaka 1979 majaribio kwa mabaharia wa jeshi la majini la Marekani yaliwapa minosaiklini, ndugu wa doksi, baada ya kutoka bandarini. Kisonono kilipungua kwa jumla, lakini dawa ilizuia vile visivyo sugu na kuviacha vilivyo sugu vikipita. Watafiti wenyewe wakahitimisha kwamba faida hiyo isingedumu. Baada ya karibu nusu karne historia inajirudia: nchini Marekani, sehemu ya visonono vyenye jeni ya usugu mkali dhidi ya tetrasaiklini ilikuwa chini ya 10% mwaka 2020, na kufikia mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imevuka 30%. Huko huko San Francisco, ambako jiji lilitoa mwongozo wake Oktoba 2022 kabla ya nchi nzima, klamidia na kaswende zilishuka kwa takriban nusu katika makundi yaliyolengwa, ilhali kisonono hakikushuka.

Utasema: kama kisonono hatukitibu tena kwa doksi, usugu huo una madhara gani? Swali zuri. Madhara yake yanapitia mlango wa nyuma. Bakteria mmoja anaweza kubeba usugu wa dawa kadhaa kwa wakati mmoja. Doksi ikiwaua wasio sugu, wanaobaki na kuzaana ni wale waliobeba mzigo wote, na miongoni mwao wanaweza kuwemo wanaoidharau hata ceftriaxone. Hujaitumia ceftriaxone, lakini umewafagilia njia wapinzani wake.

Tena mwilini hakuna bakteria wa zinaa peke yao. Stafilokoka anayeishi puani na kwenye ngozi, yule wa majipu na vidonda, alionekana kuwa na usugu zaidi kidogo kwa waliotumia doksi. Jeni za usugu ziliongezeka pia kwenye bakteria wa tumboni. Kwa nchi tajiri hilo ni jambo la kufuatilia. Kwetu doksi ni dawa ya kipindupindu, ya homa ya brusela inayowapata wafugaji, ya homa ya papasi. Zahanati ya Simanjiro au Marsabit haina kabati lenye dawa kumi za kuchagua. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet yalihesabu vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019 vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na kiwango cha juu kabisa kilikuwa Afrika kusini mwa Sahara. Deni la usugu analipa mtu mwingine, mara nyingi mtoto mwenye homa ambaye hajawahi kusikia doksi-PEP.

Kupima kila miezi mitatu

Kwa karatasi, njia hii ni safi: unapima, ukikutwa na ugonjwa unatibiwa ugonjwa uliopimwa kwa dawa inayoujua, na antibiotiki haimezwi bila sababu. Kwa vitendo, vituo vingi vya Kenya na Tanzania bado vinatibu kwa dalili. Ukisema unatokwa na uchafu, unapewa dawa za magonjwa mawili au matatu yanayoweza kuleta uchafu. Usipokuwa na dalili, huulizwi. Njia hiyo ilibuniwa kwa sababu ya uhaba wa maabara na imewasaidia wengi, hasa wanaume, ambao kisonono huwatangazia chenyewe kwa maumivu na usaha. Kwa wanawake inakosea pande zote: wanaoumwa kimya wanaachwa, na wasioumwa wanapewa antibiotiki. Kisumu, kabla hata utafiti kuanza, karibu mwanamke mmoja kati ya sita alikutwa na ugonjwa wa zinaa.

Kinachokera ni kwamba mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu ziko katika hospitali nyingi za wilaya na kaunti, na mashine hiyohiyo inaweza kusoma klamidia na kisonono kwenye mkojo. Kinachokosekana ni kasha la kipimo, ambalo ni ghali, na uamuzi wa kulinunua. Ukiwa mjini, uliza bei katika maabara binafsi. Ikiwa kupima kila miezi mitatu ni mzigo, pima mara mbili kwa mwaka na kila unapopata mwenzi mpya. Kaswende na VVU pima bila kisingizio, kwa kuwa vipimo vyake viko karibu kila mahali.

Kondomu na chanjo

Kondomu haihitaji kurasa. Inazuia kisonono sugu na kisicho sugu bila kubagua, inazuia VVU na mimba, na hakuna bakteria atakayejenga usugu dhidi ya mpira. Udhaifu wake unajulikana: inahitaji watu wawili wakubaliane kila mara, na mara nyingi mmoja wao ndiye mwenye sauti. Kondomu ya kike ipo kwa ajili hiyo, ingawa kuipata ni shughuli.

Chanjo ya meninjitisi aina ya B imeonekana kupunguza kisonono kwa kiasi, makadirio yakiwa 30% hadi 40%, japo jaribio la Ufaransa halikuuona upungufu wa uhakika. Uingereza ilianza kuitoa Agosti 2025 kwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume walio katika hatari kubwa. Kama unaishi huko na umo katika kundi hilo, iulizie kliniki.

Ile ya dukani

Tuseme ukweli kuhusu njia inayotumika zaidi. Mtu ana wasiwasi, anapita duka la dawa muhimu, anaomba "dozi ya kusafisha". Anapewa azithromaisini, au ampiklox kadhaa, au sipro iliyokatwa nusu karatasi. Mwingine anameza masalia ya dozi ya shemeji. Hii haifanani na doksi-PEP hata kama dawa yenyewe ni doksi. Anayetumia doksi-PEP ipasavyo anapimwa kila miezi mitatu, dozi yake inajulikana, na kuna mtu anayemuuliza kama bado anaihitaji. Huku dukani kisonono kinapata dawa ambayo pengine kilishaizoea, dalili zinatulia siku tatu, ugonjwa unabaki, na mwenzi anaambukizwa.

Kwa wanawake kuna kejeli ya ziada. Muwasho na uchafu mweupe mzito mara nyingi ni fangasi, si ugonjwa wa zinaa, na antibiotiki huua bakteria walinzi wa ukeni. Fangasi wanashangilia. Anarudi dukani, anaongezewa dozi.

Nikupe mwelekeo

Ikiwa wewe ni mwanaume unayefanya mapenzi na wanaume, au mwanamke uliyebadili jinsia, na katika miezi 12 iliyopita umeugua kaswende, klamidia au kisonono, doksi-PEP ni hoja halali. Mwongozo wa Juni 2024 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unakutaja wewe hasa. Ungeniuliza, ningesema itumie kwa kaswende na klamidia, pima kisonono kama kawaida, na acha pale maisha yako yanapobadilika. Usizidishe miligramu 200 ndani ya saa 24. Meza na glasi nzima ya maji, usilale kwa nusu saa, maana kidonge kikikwama kooni kinachubua. Maziwa, vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia viache mbali kwa saa mbili au zaidi. Jua la mchana litakuunguza haraka kuliko ulivyozoea.

Kama wewe ni mwanamke Kisumu, Dar es Salaam au Goma, mwenye PrEP au usiye nayo, ushahidi haujafika mahali pa kukuambia uanze doksi. Weka fedha na nguvu zako kwenye kipimo cha mkojo unapokipata, kipimo cha kaswende, na kondomu kwa mwenzi usiyemjua hali. Ukiwa mjamzito, au unadhani umeshika mimba, doksi ya kujikinga usiiguse.

Aliye na mwenzi mmoja anayemshuku hana tatizo la kidonge. Kumeza doksi kila mwenzi anaporudi safarini ni kutibu upande mmoja wa kitanda. Nendeni wawili, au umpelekee barua ya wito kutoka kituo cha afya. Mkitibiwa klamidia au kisonono, kaeni siku saba bila kukutana kimwili, mkihesabu kuanzia siku wa mwisho kati yenu alipochomwa sindano au kumeza dozi ya mara moja. Dawa ikiwa ya siku saba, subirini mpaka wa mwisho amalize kidonge chake cha mwisho. Na dalili zikibaki baada ya sindano ya kisonono, usiombe vidonge vingine dukani: rudi ulikochomwa, waambie dawa haikufanya kazi, uwaombe wachukue sampuli ya kuotesha maabara.